Mtoto akikosea noti, mwache amalize wimbo

Mzazi, huenda umemsikia mwanao akifanya mazoezi ya kinanda: akikosea noti moja anasimama, anarudi mwanzo, anakosea tena, mwishowe analia. Huo si uvivu. Hofu ya kukosea imezidi raha ya muziki, na hofu hiyo humchosha mtoto mpaka akaacha.

Januari 24, 1975, mpiga piano Mmarekani Keith Jarrett alikuta piano mbovu jukwaani mjini Köln, Ujerumani. Sauti zake za chini zilikuwa hafifu na pedali hazikufanya kazi vizuri. Alipiga hivyo hivyo, akitumia zaidi sehemu ya katikati. Rekodi ya usiku ule imeuza mamilioni ya nakala.

Ubora, basi, si kutokosea kabisa. Msaidie mwanao agawe mazoezi mara mbili. Kwanza, achukue kipande kinachomshinda akirudie polepole. Kisha apige wimbo mzima bila kusimama, hata akikosea, maana jukwaani hakuna kurudi mwanzo.

Akimaliza, usianze na kosa. Muulize: "Ni wapi leo umepiga vizuri kuliko jana?"