Ukurutu: Tazama jina dogo kwenye tyubu

"Daktari, ile dawa uliyoandika sikuiweza bei," mama mmoja mchuma chai aliniambia hapa Litein. Mtoto wake alikuwa amejikuna hadi akatoka damu.

Msomaji, yafaa ufahamu kwamba dawa huwa na majina mawili: la kibiashara, lenye herufi kubwa, na la kitaalamu, lenye herufi ndogo. Betnovate, kwa mfano, ni betamethasoni ya asilimia 0.1. Kampuni nyingine pia hutengeneza betamethasoni, na mara nyingi bei yake huwa nafuu. Mwulize mwuza dawa kwa jina hilo la pili.

Lakini jihadhari na nambari. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ina nguvu kushinda betamethasoni ya 0.1, nayo haidrokotisoni ya asilimia 1 ndiyo hafifu kuliko zote mbili. Ukibadilishiwa kiholela, hasa dawa ya uso wa mtoto, ngozi yaweza kuwa nyembamba.

Kwa hivyo hakikisha jina, kiwango na aina, krimu au marhamu, vinalingana na cheti cha daktari. Nunua katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, wala si kwa mchuuzi sokoni.