Dubwi: Nani Anayeisimamisha Taa?

Msomaji wa Ngaka, Mbinga, anauliza: taa ya dubwi, mashine ya kamari ya sarafu, inapozunguka, ikapunguza mwendo, ikaipita kengele na kusimama kituo cha jirani, je, alibakiza kidogo kushinda?

Hakubakiza kitu. Taa ilipoanza kukimbia, chipu ilikwishaamua.

Historia naipitia mbio. Kengele hiyo ni ya San Francisco, ya mashine ya Liberty Bell aliyoiunda Charles Fey miaka ya 1890, yenye magurudumu matatu. Wamarekani waliibandika aina hiyo jina la jambazi la mkono mmoja. Frank Polk hata akachonga sanamu za mbao za wachunga ng'ombe, mkono wa sanamu ndio unaovutwa. Magurudumu yale yalikuwa ya kweli: yaliposimama ndipo mambo yalipoamuliwa.

Utamu unaanza 1984, Inge Telnaes alipopata hataza Marekani. Alitenganisha kuamua na kuonyesha. Ndani ya kompyuta akaweka gurudumu jingine lisiloonekana. Wapo watakaoliita gurudumu pepe, ila siku hizi kila kitu ni pepe. Mimi naliita gurudumu la mafichoni.

Ili uone linavyofanya kazi, chukua debe la kahawa. Nyuma ya pazia yupo karani mwenye punje 64, kila moja ina jina la kituo. Ya kengele ni moja tu; vituo viwili vinavyopakana nayo vina punje tano tano. Sarafu ikitumbukia, karani anafumba macho, anachota punje, anaisoma, anairudisha debeni, kisha anamnong'oneza kijana wa mbele: kimbiza taa, isimame pale. Kijana hana mamlaka yoyote, kazi yake mbwembwe. Kwa mgawo huo, taa itatua ubavuni mwa kengele mara kumi kwa kila mara moja inayoigusa, na mchezaji ataapa kwamba ilibaki kidogo. Na kwa kuwa punje hurudishwa, anayesubiri mwenzake achoke ili "aikute imeiva" anajisumbua bure.

(Mashine isiyosajiliwa inaweza kuwa na karani asiyefumba macho. Hiyo ni kesi ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.)

Huamini? Hesabu taa za ubaoni: kwa kawaida ni 24. Alama ya BAR kubwa hulipa mara 50 au zaidi ya dau. Kama vituo vingekuwa na nafasi sawa, sarafu 24 za shilingi 200, yaani 4,800, zikiwekwa hapo zingerudisha kwa wastani 10,000 au zaidi, na mwenye mashine angeondoka Ngaka kwa miguu.