Mteremko wa Magamba Ulinifundisha

Ndugu msomaji, pikipiki zimejaa vijijini mwetu siku hizi. Zinabeba kabichi, viazi, wagonjwa na wanafunzi. Labda wewe pia unayo, au unafikiri kununua. Basi nataka nikueleze habari za pikipiki yangu ya kwanza, na siku ambayo nusura nife nayo.

Pikipiki yenye picha ya jogoo

Pikipiki hiyo ilikuwa BSA Bantam. Ilitengenezwa Uingereza, katika mji wa Birmingham. Kampuni ya BSA ilianza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki. Ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu. Bantam ni jina la kuku wa aina ndogo. Kwa hiyo tangi la pikipiki yangu lilikuwa na picha ya jogoo.

Lakini waliobuni pikipiki hiyo kwanza ni Wajerumani wa kiwanda cha DKW. Wajerumani waliposhindwa vita mwaka 1945, washindi walichukua michoro yake. Mwaka 1948 BSA ilianza kuuza Bantam. Iliacha kuzitengeneza mwaka 1971.

Nilipoanza kazi ya ugani, niliinunua kwa bwana shamba mstaafu. Pikipiki ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Gia zake zilikuwa tatu tu. Gia ilikuwa mguu wa kulia, na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Pikipiki za sasa ni kinyume.

Siku ya kunikabidhi, mzee aliniambia: "Mwanangu, injini hii haina oili ya peke yake. Oili tunaichanganya na petroli. Ukifunga mafuta kabisa kwenye mteremko mrefu, umeinyima na oili. Fungua kidogo kidogo."

Nilijibu, "Ndiyo, mzee." Lakini nilikuwa kijana. Maneno yale niliyaacha palepale.

Viazi vilikwenda vyenyewe

Asubuhi moja nilitoka Magamba kwenda Lushoto. Nyuma nilifunga gunia la mbegu za viazi. Mnaijua barabara ile. Ni mteremko na kona, na upande mmoja ni bonde.

Nilifunga mafuta, nikaacha pikipiki iteremke katika gia ya pili. Injini ilizunguka kwa kasi, lakini petroli iliyoingia ilikuwa kidogo sana. Oili nayo ikawa kidogo. Pistoni ilipata joto, ikavimba, ikakaza ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka ghafla.

Ningevuta klachi mara moja, gurudumu lingezunguka tena. Sikuvuta. Nilianguka, nikaburuzwa mpaka ukingoni. Zilibaki hatua mbili nifike bondeni. Gunia lilipasuka, na viazi vikateremka vyenyewe.

Goti liliumia vibaya. Kofia yangu ngumu ilipasuka, lakini kichwa kilipona.

Nilikwenda kwa mzee nikichechemea. Hakuuliza habari za pikipiki. Alitazama goti langu kwanza. Kisha alisema: "Mwanangu, uliniitikia, lakini hukunisikia."

Na wewe je?

Ndugu msomaji, pikipiki nyingi za sasa, za China na India, zina oili yake chini ya injini. Haiingii pamoja na petroli. Lakini mteremko ni uleule. Basi zingatia mambo haya:

1. Pima oili kila wiki. Ibadilishe kwa wakati uliotajwa katika kitabu cha pikipiki. Sasa unajua kusoma, usikifungie kitabu hicho sandukuni. Kama ni cha Kiingereza, mwombe mwalimu akueleze.

2. Usiteremke frii ili kuokoa petroli. Tumia gia ndogo, injini isaidie breki.

3. Jaribu breki zote mbili kabla ya kuanza mteremko.

4. Vaa kofia ngumu, wewe na abiria wako.

Bantam yangu ilitengenezwa, ikanipeleka kwa wakulima miaka mingi baadaye. Kila nilipofika mteremko ule, nilifungua mafuta kidogo kidogo, kama mzee alivyoniambia. Injini haikukaza tena.

Fundi wako akikupa onyo, usiitikie tu. Muulize sababu, mpaka uelewe.