Saumu ya maua Shituru: gharama iko kwenye udongo

Likasi ikiingia kiangazi mwezi Mei, kila bidoni ya lita 20 ina mgombaniaji: kunywa, kupika, kufua. Ua lolote linalodai sehemu yake lazima lijieleze. Saumu ya maua (Tulbaghia violacea), mmea wa Afrika Kusini ambao majani yake ya kuliwa hunukia kitunguu saumu yakishikwa, linajieleza vizuri: mashina yake manene ya chini huhifadhi maji, na maua yake ya zambarau hurudi mwaka baada ya mwaka.

Mbegu au kichaka? Mbegu huchukua miaka 2 au 3 kabla ya kuchanua. Kichaka kilichogawanywa mvua za Novemba zikianza huweza kuchanua msimu uleule. Ukimpata mwenye nacho, omba kipande. Kitakugharimu jembe na shukrani.

Ardhini au chomboni? Ardhini hununui kitu, na mmea uliokwisha kushika mizizi humwagiliwa mara chache. Lakini Shituru, mtaa wa Likasi, imeishi na kiwanda cha shaba tangu 1929, na mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini. Kuosha jani kabla ya kulila huondoa vumbi. Kilichopanda kutoka udongoni kupitia mizizi hakioshwi.

Chomboni utalipa zaidi: bidoni iliyotoboka ipasuliwe kwa urefu, itobolewe chini, ijazwe udongo ulioletwa kutoka mbali na kiwanda na mabaki yake. Tena bidoni hukauka upesi. Joto la Oktoba litakudai maji kila siku mbili.

Je, utaacha kununua kitunguu saumu? Hapana. Kitunguu hukaa jikoni miezi. Jani hunyauka upesi, na likichemka sana hupoteza ukali. Likate dogodogo juu ya maharage au sombe wakati wa kuipua. Litakupunguzia safari za sokoni, halitazimaliza.

Pendekezo letu: kichaka kimoja, kazi mbili. Vipande vingi viende kwenye ua wa nyumba, mbali kidogo na madirisha kwa sababu ya harufu, viwe vya kutazamwa tu. Viwili viwe kwenye bidoni mlangoni pa jiko. Kisha waambie watoto mapema: mboga huchumwa kwenye bidoni, si uani.