Maji, Motakaa na Picha katika Korongo Kuu

Leo twataka kueleza jinsi watu walivyopata kufika kwa motakaa, na kupiga picha, katika korongo kuu la Arizona, nchi ya Marekani, liitwalo Grand Canyon. Mto Colorado ndio uliolichimba tangu zamani sana. Kina chake chapata maili moja, na urefu wake maili 277. Ukingoni ni nchi kavu: mto waonekana chini, lakini kuyapata maji ni taabu.

Gari la moshi lilifika ukingoni mwaka 1901. Januari 1902 mpiga picha Oliver Lippincott, pamoja na wenzake, alitoka mji wa Flagstaff katika motakaa ya mvuke. Motakaa ya namna hiyo huchemsha maji kwa moto wa mafuta, na mvuke ndio usukumao mashine. Yataka vitu viwili, mafuta na maji. Kimoja kikikosekana, haiendi. Walidhani watafika kwa saa chache. Lakini mafuta yakawaishia njiani, na safari ikachukua siku kadhaa. Farasi hupata majani njiani, bali motakaa haina malisho porini.

Ndugu wawili, Ellsworth na Emery Kolb, walijenga nyumba yao ya picha ukingoni mwaka 1904. Asubuhi waliwapiga picha wageni waliopanda nyumbu kushuka korongoni. Picha za siku zile sharti zioshwe kwa dawa gizani, kisha zisuuzwe kwa maji safi mengi. Dawa ikibaki, huziharibu. Maji hayo yalikuwa katika chemchemi za Indian Garden, mwendo wa maili 4½ chini. Basi Emery alikimbia kushuka, akazisafisha huko, kisha akapanda tena kimo cha futi 3,000 hivi, ili wageni wakirudi wazikute tayari.

Chemchemi zile zilinywesha mashamba ya Wahavasupai kabla ya wageni hao kuja. Korongo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919, na Mhavasupai wa mwisho aliyekaa pale aliondolewa mwaka 1928. Mwaka 2022 mahali pale paliitwa Havasupai Gardens, kwa kuwakumbuka.

Kwa hiyo tutazamapo picha za kale za korongo lile, tusidhani kwamba zilifanywa kwa jua na mashine tu. Yalihitajiwa pia maji, miguu ya mtu aliyeyafuata, na chemchemi iliyokuwa ya watu wengine.