Injini ikimisi angani, iache sindano kwanza

Katika mashindano ya F2B, ndege ya mfano humzunguka rubani wake ikiwa imeshikwa kwa nyaya mbili, ikipiga vitanzi na kuruka chali. Injini ikimisi katikati ya kitanzi, alama zimekwenda. Ndege ikitua, wengi hukimbilia sindano ya kabureta. Nawasihi waiache kwanza. Jua likipanda, sindano hudai kusogezwa kidogo tu. Injini iliyobadilika ghafla mara nyingi ina kasoro kwenye njia ya mafuta, na ukizungusha sindano unaificha dalili.

Anza na tangi. Tundu la ukubwa wa ncha ya pini kwenye mpira wa mafuta huenda lisivujishe hata tone, kwa kuwa injini inafyonza: badala ya mafuta kutoka, hewa inaingia. Lichovye tangi majini, ziba mirija yote isipokuwa mmoja, kisha puliza. Viputo vitakuonyesha mahali. Baadaye lisuuze kwa methanoli, maana maji yakibaki humo utajitafutia ugonjwa mwingine.

Kisha pima kimo cha tangi. Hesabu muda wa mizunguko kadhaa ndege ikiwa wima, halafu ikiwa chali, kwa mwinuko uleule. Ikienda kasi zaidi chali, injini inapata mafuta kidogo ikiwa katika hali hiyo: tangi liko juu mno. Lishushe milimita moja, urudie. Ikienda kasi zaidi wima, lipandishe. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwangu hakuna kipimo kinachozidi hiki kwa manufaa, na ndicho kinachorukwa zaidi.

Plagi nayo ina tabia zake. Plagi ya waya, iliyoletwa sokoni na Ray Arden wa Marekani mwaka 1947, haitoi cheche. Betri huupasha moto waya wake wa platinamu wakati wa kuwasha; betri ikiondolewa, mvuke wa methanoli unapogusana na platinamu huufanya waya uendelee kuwaka. Mizunguko ya injini ikishuka mara tu unapoondoa betri, ama mafuta yamezidi ama plagi imechoka. Ukiona waya umepauka na kuwa na mikwaruzo, badilisha plagi.

Ukimaliza hayo ndipo uishuku injini yenyewe. Ondoa betri, zungusha propela polepole kwa mkono. Pistoni ya alumini ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromu hubana juu ikiwa baridi. Hiyo si kasoro, ndivyo ilivyotengenezwa. Unachosaka ni mkwaruzo wa beringi. Methanoli hunyonya unyevu, na injini iliyohifadhiwa bila kumaliziwa mafuta na kutiwa oili hupata kutu ndani. Beringi yenye kutu huitikisa ndege, mtikiso hutoa povu tangini, na povu hilo hufika kwenye kabureta kama hewa. Tangi zima kabisa litaonekana bovu mpaka beringi ibadilishwe.