Bandama Likipasuka

Jeraha linalotoa damu nje hutushtua sote. Lakini ipo damu inayomwagika ndani ya tumbo, lisionekane hata tone moja. Mara nyingi chanzo chake ni bandama lililopasuka.

Bandama, ambalo wengine huliita wengu, limekaa upande wa kushoto chini ya mbavu. Kwa mtu mzima mwenye afya hulingana na ngumi. Huchuja damu na kusaidia mwili kupigana na vijidudu. Ni laini na limejaa damu. Malaria ya mara kwa mara hulivimbisha, na hapo hata pigo dogo laweza kulipasua: kuanguka kutoka mwembeni, kugongwa na usukani wa baiskeli, teke la ng'ombe, au ngumi.

Tutajuaje? Mgonjwa huumwa tumbo upande wa kushoto, pengine na bega la kushoto ingawa bega halikuguswa. Hupauka, hutoka jasho la baridi, huona kiu na kizunguzungu, na moyo humwenda mbio. Wengine huonekana wazima kabisa, kisha huzidiwa siku kadhaa baadaye.

Hospitalini tunapima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, wingi wa damu na kundi lake. Daktari hutazama tumbo kwa altrasaundi. Isipokuwepo, huweza kuvuta kwa sindano aone kama tumboni mna damu. Mgonjwa hutundikiwa dripu na, ikihitajika, huongezewa damu. Damu ikikoma, wengi, hasa watoto, hupona kwa kulazwa na kuangaliwa kwa karibu. Isipokoma, hupasuliwa upesi, na mara nyingi bandama huondolewa.

Mtu huweza kuishi bila bandama, ila vijidudu humshambulia kwa urahisi. Apate chanjo anazoelekezwa na daktari, alale ndani ya chandarua chenye dawa, na akipata homa yoyote aje hospitali siku hiyo hiyo.

Basi, wazazi, mtu akiumia tumboni msimkande, msimpe chakula, wala msingoje kupambazuke. Mleteni, na ndugu waje tayari kutoa damu. Na kama alipigwa, hata nyumbani, semeni ukweli mapema. Hatuulizi ili tumhukumu mtu. Tunauliza ili tujue mahali pa kutafuta.